Mlango wa bweni la mabinti zetu ulikuwa umefungwa kufuli kwa nje. Wazazi wenzangu, tuongee

Mama wa Kidato cha Pili, mleta uzi

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na uchungu, mtaniwia radhi nikirefusha.

Binti yangu yuko kidato cha pili katika shule ya sekondari ya kata, analala bwenini. Jina la shule silitaji, na naomba anayeijua naye asilitaje, kwa sababu wale mabinti wanatakiwa kurudi darasani bila kunyooshewa vidole. Wiki iliyopita umeme ulikatika wakati wa prepo, wakarudi bwenini gizani. Binti mmoja akawasha mshumaa, akauweka juu ya tranka kati ya vitanda viwili ili amalizie kazi ya hesabu. Usingizi ukampitia. Chandarua cha kitanda cha chini kikashika moto, moto ukapanda hadi cha juu. Hivi vyandarua vya siku hizi vikiungua vinayeyuka na kudondoka vikiwaka. Tone likaangukia godoro.

Mabinti wakakimbilia mlangoni. Kufuli iko nje.

Ufunguo alikuwa nao matroni, na nyumba ya matroni iko ng'ambo ya uwanja wa mpira. Madirisha yote yana nondo. Mlinzi alisikia kelele, akaja na mtaimbo, akang'oa komeo. Wakati huo ndani kiranja wa bweni alishawaamuru wenzake wamwage maji ya kuogea kwenye godoro, na wale wadogo walale kifudifudi sakafuni. Moto ukazimika kabla haujafika darini. Hakuna aliyeungua. Wachache walipelekwa zahanati kwa kukohoa moshi, asubuhi wakaruhusiwa. Mungu ashukuriwe, na yule kiranja ashukuriwe pia, ni mtoto wa kidato cha tatu tu.

Nilifika shuleni kesho yake. Ule mlango ni wa chuma, umepakwa rangi ya bluu. Upande wa ndani rangi imebanduka usawa wa kifua cha mtoto, walikuwa wakiupiga kwa makopo na viatu. Nimeuona kwa macho yangu.

Tangu siku hiyo kata nzima haijatulia. Wapo wazazi waliokuja na bodaboda wakabeba watoto na magodoro yao. Wapo wanaosema kufuli ibaki, ila ufunguo apewe mlinzi. Wapo wanaotaka matroni afukuzwe kazi na habari iishie hapo. Kundi la WhatsApp la wazazi limejaa sauti za kutishana, kila mtu na lake alilosikia kwa jirani.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: chumba anacholala mtoto lazima kifunguke kwa ndani, bila ufunguo, saa yoyote ya usiku. Mengine yote tujadiliane.

Lakini ni haki mjue na kufuli ilitoka wapi. Kabla ya bweni, mabinti walikuwa wanatembea alfajiri na jioni kutoka vijiji vya mbali. Waliochoka walipangishiwa magheto karibu na shule, wanalala peke yao, wanajipikia, na wanaume wanajua hivyo. Waliopata mimba tunawajua, ni watoto wetu. Wananchi wakaamua kujenga bweni kwa nguvu zao. Akina mama walisomba mchanga na mawe kwa vichwa, akina baba wakachimba msingi, halmashauri ikaja kumalizia bati. Bweni lilipofunguliwa, wahuni wakaruka ukuta usiku mmoja. Hakuna aliyedhurika, lakini kikao cha wazazi cha wakati huo kiliomba nondo na kufuli, na shule ikafanya kama ilivyoombwa. Kwa hiyo anayemtupia matroni lawama zote anamwonea. Alifunga kwa sababu aliagizwa afunge.

Kikao cha wazazi ni Ijumaa. Nataka niende na hoja, siyo na machozi. Mwenye uzoefu wa mabweni, umeme, uzimaji moto, uongozi wa shule, naomba mchango wako.

Baba Mapacha

Pole sana mama. Mimi ni miongoni mwa hao waliobeba watoto na magodoro, shule nyingine lakini hofu ni hiyohiyo. Siwezi kulala usingizi mwanangu akiwa amefungiwa kama mahabusu. Wakishaweka sawa nitamrudisha.

Mama wa Kidato cha Pili

Nakuelewa baba, sikulaumu hata kidogo. Naomba tu nikuulize, sasa hivi analala wapi? Kama ni nyumbani kwako na shule iko karibu, sawa. Kwetu huku waliotolewa bwenini wengi wamerudi kwenye magheto yaleyale tuliyojenga bweni ili kuyakimbia. Mmoja nimemkuta anapikia jiko la mkaa ndani ya chumba kisicho na dirisha. Hatari tumeihamisha mahali ambapo hatuioni.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu zangu, nimekuwa mkuu wa shule kwa miaka mingi, naomba mnisikilize kabla ya kunishambulia.

Mnapoona kufuli, mnaona ukatili. Mkuu wa shule anaona kitu kingine. Binti akitoka bwenini usiku akapata mimba, anayeulizwa ni mwalimu. Wazazi watakuja juu, ofisi ya elimu itataka maelezo, polisi watataka maelezo. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anafungwa miaka 30. Sheria ni kali na ni sawa iwe kali. Lakini mwaka mzima mwalimu anaishi na hofu hiyo moja, kwa sababu ndiyo inayotokea kila muhula. Moto anausikia redioni mara moja kwa miaka kadhaa. Mtu hujikinga na kile kinachomgonga kila siku.

Siitetei kufuli ya nje. Nasema mkimvua mwalimu kufuli, mpeni kitu kingine cha kushika. Shule nyingi za kata hazina uzio. Matroni ni mwalimu wa darasani aliyeongezewa jukumu, ana watoto wake wadogo, hana posho, na mlinzi ni mzee mmoja mwenye tochi. Ukiondoa kufuli ukaacha mengine yalivyo, wiki ya pili itarudishwa kimyakimya. Nimeona ikitokea.

Mama wa Kidato cha Pili

Shikamoo mwalimu. Asante sana kwa kusema kutoka upande ambao sisi wazazi hatuuoni. Hilo la kurudishwa kimyakimya nalibeba, nitalisema Ijumaa hivyo ulivyolisema.

Aliyelala Hosteli

Nimemaliza kidato cha nne miaka michache iliyopita, nililala bweni lililofungwa kwa nje miaka yote. Naomba niseme kitu ambacho wazazi hawakiulizi.

Sisi tulikuwa tunajua. Kila usiku ile kufuli ikilia, kuna mwenzetu mmoja alikuwa anasema "tumeshafungwa", tunacheka, halafu mnalala mkiwa mnafikiria. Ukipata hedhi usiku au tumbo likikushika, huna pa kwenda, mnatumia ndoo. Mtu akiumwa mnagonga dirisha mpaka mlinzi asikie. Na mshumaa tulikuwa nao wengi tu, tunauficha ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda ukaguzi ukija. Mtihani uko karibu, umeme hakuna, taa ya chaji huna, utasomaje? Kwa sababu mshumaa ni kosa, ukiwaka vibaya huwezi kupiga kelele mapema. Unajaribu kwanza kuuzima mwenyewe ili usijulikane. Hapo ndipo dakika zinapopotea.

Kingine. Wale waliokuwa wakitoroka walitoroka hivyohivyo. Walikuwa hawarudi kutoka prepo, wanajificha mpaka bweni lifungwe. Kufuli ilikuwa inawafungia waliokwisha kuamua kulala.

Fundi Umeme

Mkuu mleta uzi, mimi ni fundi, nimefanya kazi kwenye shule kadhaa. Hesabu ambayo kikao chenu kinatakiwa kuijua ni ya muda.

Godoro la sponji likishika vizuri linatoa moshi mweusi mzito ndani ya dakika moja au mbili. Moshi huo una kaboni monoksaidi, na sponji hutoa pia gesi ya sianidi. Mtoto anaweza kulegea na kupoteza fahamu kabla mwali haujamfikia. Moshi unapanda juu kwanza, unajaa chini ya dari halafu unashuka. Ndiyo maana anayelala kitanda cha juu yuko hatarini zaidi, na ndiyo maana yule kiranja alipowalaza wenzake chini aliwaokoa. Sasa pigeni hesabu: mtu asikie, aamke, avae, atafute ufunguo, avuke uwanja wa mpira gizani, apate tundu la kufuli huku mikono inatetemeka. Kumpa ufunguo mlinzi hakubadilishi kitu kikubwa. Mlinzi naye anaweza kuwa upande wa pili wa shule, au ndiye aliyekimbia kuita watu.

Umeme nao msiuache. Mshumaa ndio umeonekana safari hii, lakini ninachokikuta mabwenini ni soketi moja inayobeba ekstensheni tatu, chaji zimepangana, na hita ya maji imefichwa kwenye ndoo. Sakiti breka, ile swichi inayokata umeme waya ukizidiwa, ikiwa inakatakata, mtu anaweka kubwa zaidi ili isisumbue. Hapo umeondoa kinga ya waya. Waya unapata moto ndani ya ukuta au juu ya dari kabla yeyote hajaona. Breka inayokatika mara kwa mara inakwambia kuna tatizo, mwite fundi apime.

Kwenye nondo: si lazima zitolewe zote. Kila upande wa bweni chagueni madirisha, grili yake ikatwe iwekewe bawaba, ifunguke kwenda nje kwa komeo la ndani, bila kufuli. Kazi ya siku moja kwa fundi wa kuchomelea mwenye grainda.

Jirani wa Machakos

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Nimesoma hapa kimya lakini nimeshindwa kunyamaza, maana hili la mlango kwetu Kenya limetuzikisha watoto mara nyingi.

Machi 2001, shule ya upili ya Kyanguli, hapa Machakos, wavulana 67 walikufa bwenini. Ule moto uliwashwa kwa petroli na wanafunzi wenyewe, lakini waliokufa walikwama kwa sababu mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka mitatu kabla ya hapo, 1998, wasichana wa Bombolulu kule Kwale walikufa vivyo hivyo, milango imefungwa, madirisha ya vyuma. Baadaye ikaja Moi Girls Nairobi, Septemba 2017, wasichana 10. Na Septemba 2024 Hillside Endarasha kule Nyeri, watoto wa kiume 21.

Baada ya hayo ya kwanza serikali ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, mwaka 2008. Mwaweza kuuchukua kama kipimo kwenye kikao chenu, hata kama si sheria yenu. Unasema mlango wa bweni uwe na upana usiopungua futi tano, ufungukie nje, na usifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wakiwa ndani. Bweni liwe na mlango kila mwisho na wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda iwe mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2.

Ninachowaomba ni msidhani karatasi inatosha. Mwongozo ulikuwepo tangu 2008 na watoto wameendelea kufa. Mzazi aingie bwenini na futi ya kupimia mkononi, apime mwenyewe. Pole mama, na hongera kwa watoto wenu kuwa hai.

Mama wa Kidato cha Pili

Asante sana ndugu yangu. Futi ya kupimia naenda nayo.

Mwana Iringa

Hata hapa nyumbani tunayo, ila tunasahau upesi. Shauritanga, Kilimanjaro, Juni 1994, wasichana zaidi ya 40. Idodi, huku kwetu Iringa, Agosti 2009, wasichana 12, na ilielezwa kuwa chanzo kilikuwa mshumaa wa mtu aliyekuwa akijisomea. Someni tena hapo juu alichoandika mleta uzi kuhusu hesabu na tranka. Ni kisa kilekile, tofauti ni maji ya kuogea na mlinzi aliyewahi. Mwaka 2020 tena shule ya msingi kule Kyerwa, Kagera, watoto 10.

Kila mara huwa tunaunda kamati ya kutafuta chanzo. Chanzo kitafutwe, sawa. Lakini vyanzo vya moto havitaisha leo wala kesho: mshumaa, umeme, mtoto mwenye hasira. Kutoka nje ndiko tunakoweza kukupanga sisi wenyewe kabla.

Mtu wa Karibu

Jamani mimi naijua hiyo shule. Huku mtaani wanasema yule binti aliwasha makusudi kwa sababu alinyimwa ruhusa ya kwenda nyumbani. Polisi wamchunguze vizuri, huenda kuna na wenzake.

Mama wa Kidato cha Pili

Ndugu yangu, naomba nikujibu kwa heshima lakini kwa ukali kidogo.

Nimezungumza na mabinti waliolala jirani na kitanda chake, nimezungumza na mama yake. Daftari la hesabu limekutwa limelowa maji, limefunguliwa kwenye swali alilokuwa analifanya. Ni mtoto wa miaka kumi na mitano aliyesinzia. Tangu siku ile hajala vizuri, na sasa kuna watu wazima wanamtungia kesi mtaani. Kama kuna ushahidi, peleka Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, ndiko kuna watu waliofundishwa kuzungumza na mtoto. Hapa tusimjengee jina ambalo atalibeba mpaka uzeeni.

Na hata ingekuwa kweli, bado wenzake wote walikuwa nyuma ya kufuli. Hilo halikufanywa na yeye.

Aliyelala Hosteli

Naunga mkono. Mkimwadhibu huyo hadharani, mnachowafundisha waliobaki ni kuficha mshumaa vizuri zaidi. Wapeni taa za sola, halafu ndiyo mkusanye vibiriti.

Zamu ya Usiku

Naongeza machache, kazi yangu inahusiana na uokoaji. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, haitozwi. Iandikeni kwa rangi ukutani, ndani na nje ya bweni, na kwenye nyumba ya matroni. Pigeni mapema hata kama mnadhani moto ni mdogo, ni afadhali gari ligeuze njiani. Lakini ukweli lazima usemwe: magari yako makao makuu ya wilaya au mkoa. Shule iliyo mbali na lami, kikosi kitafika kukiwa kumeshaamuliwa. Dakika za kwanza ni zenu wenyewe.

Ombeni kikosi kije kukagua na kufundisha, hiyo ni kazi yao. Wafundishe kutumia mtungi: vuta pini, elekeza mdomo kwenye kitako cha moto, bana, fagia kushoto na kulia. Ukiulenga mwali juu unamaliza poda bure. Maji yasimwagwe kwenye moto wa umeme kabla swichi kuu haijazimwa, na kila kiranja ajue swichi kuu iko wapi. Mtungi usifungiwe stoo, nimekuta mingi stoo.

Na jambo kubwa kuliko yote hayo: muwe na mahali pamoja pa kukusanyikia na orodha ya waliolala usiku huo. Bila orodha, mtu atarudi ndani kumtafuta aliyekwisha kutoka.

Mama wa Kidato cha Pili: mrejesho wa kikao

Wakuu, kikao kimefanyika. Kilianza mchana, tumetoka giza linaingia.

Walikuja wazazi wengi kuliko nilivyowahi kuona, na babu na bibi wanaolea wajukuu, mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kata, mkaguzi wa polisi wa kata, na mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda ambaye hakuna aliyemwalika. Mkuu wa shule alisimama akaeleza yote bila kuficha, hadi umbali wa nyumba ya matroni. Nilimheshimu kwa hilo.

Nusu ya kwanza ilikuwa ya kurushiana maneno. Mzee mmoja, mjukuu wake yuko kidato cha kwanza, alisema waziwazi kwamba kufuli ikitoka anamchukua binti wake. Alisema, "Moto sijauona. Wanaume wa usiku nimewaona." Watu wakapiga makofi, na mimi nikaona hoja zangu zinazama.

Aliyebadilisha kikao ni yule kiranja. Mwalimu wa malezi aliomba watoto wasikilizwe, akaitwa. Hakuhutubia. Alieleza tu kwamba usiku ule alihesabu ndoo za maji zilizokuwa ndani, akawaza zikiisha afanye nini, akakosa jibu. Halafu akamgeukia yule mzee akamwambia, "Babu, mjukuu wako ndiye niliyemlalia juu ili asiinuke." Mzee hakusema kitu kingine. Baadaye alinyoosha mkono akaomba kazi ya uzio apewe yeye aisimamie.

Tuliyokubaliana ni haya. Kufuli imetoka siku hiyohiyo, mbele yetu, na komeo la nje limekatwa kabisa ili hata mtu akitaka kurudisha asipate pa kuiweka (mwalimu mstaafu, hili ni lako). Mlango una komeo la ndani. Mwisho wa pili wa bweni utatobolewa mlango. Madirisha mawili kila upande yanawekewa grili ya bawaba. Chumba cha stoo kilicho ndani ya bweni kinasafishwa kiwe cha matroni, na kijiji kitampata mama mtu mzima wa kulala naye zamu, alipwe na kamati ili mwalimu naye apumzike. Mlinzi anahamia upande wa bweni. Taa za sola mbili nje, na za kusomea ndani.

Kuhusu wanaume wa usiku, hakuna aliyelipuuza. Michongoma inapandwa kuzunguka, na seng'enge inatangulia wakati michongoma inakua. Mwenyekiti wa bodaboda alisimama akasema vijana wake wanaobeba wanafunzi usiku anawafahamu, na kwamba kijiwe kimekubaliana anayeonekana karibu na bweni baada ya giza anatajwa kwa mkaguzi kwa jina. Sikutegemea, nimemshukuru mbele za watu. Kutakuwa na sanduku la maoni lenye ufunguo kwa mwalimu wa malezi na mama mmoja wa bodi, na namba 116 ya huduma kwa mtoto imeandikwa chini ya ile 114.

Fedha ndiyo imetuchelewesha. Kuna aliyetaka kila mzazi atozwe na asiyelipa mtoto arudishwe nyumbani. Mtendaji akakumbusha kwamba elimu bila ada imeanza 2016 na mchango ni hiari, mtoto hafukuzwi kwa ajili yake. Kwa hiyo wenye fedha wametoa fedha, wenye saruji saruji, wengi tumeandikisha siku za kazi.

Baba Mapacha

Mama umenitoa machozi. Swali moja: hiyo michongoma na seng'enge vikizunguka, mmeacha njia ya kutokea? Nisije nikasikia mmehamisha kufuli getini.

Mama wa Kidato cha Pili

Swali zuri. Lipo geti dogo upande wa uwanja, linafungwa kwa komeo tu, na uwanja wenyewe uko ndani ya uzio, ndipo pa kukusanyikia. Ni mbali na jengo kiasi cha kutosha.

Mama wa Kidato cha Pili: mrejesho wa zoezi

Kikosi cha zimamoto kilikuja, wakafanya zoezi la usiku bila kuwaambia mabinti siku. Tulikuwepo wazazi wachache uwanjani na tochi.

Halikwenda vizuri. Muda ulikuwa mrefu mno, afisa hakuridhika. Tulipoingia ndani tukaona sababu: tranka. Kila mmoja anaweka tranka lake miguuni mwa kitanda, na njia ya katikati imebaki nyembamba. Wa nyuma walikuwa wakizikwaa gizani na kuangukiana. Nilitoa futi yangu nikapima, mita moja haifiki. Pili, majina yalipoitwa, alikosekana mmoja. Alikuwa kitanda cha juu pembeni, usingizi mzito, hakusikia kengele wala kelele.

Sasa tranka zote zimetolewa, zimepangwa ukutani kwenye kile kibaraza kilichozungushiwa wavu, vitanda vimesogezwa, na vingine vimehamishiwa darasa lisilotumika lililotengenezwa kuwa bweni dogo. Kila mtu ana mwenzake wa kitanda jirani ambaye hatoki bila kumgusa. Zoezi la pili wametoka haraka zaidi, wote, na aliyekuwa amelala ndiye aliyepewa kazi ya kupiga kengele.

Yule binti wa mshumaa amerudi shuleni. Mama yake ameniomba niwashukuru mliomtetea hapa.

Mama wa Kidato cha Tatu

Nimeufuatilia uzi huu tangu mwanzo, na mtoto wangu yuko shule hiyohiyo. Dada, naomba kuuliza kitu. Wangu ni wa kiume. Bweni la wavulana je? Maana kikaoni niliona tunaongea mabinti tu, na nilipopita pale juzi kufuli niliiona iko mlangoni, ya nje, kubwa kuliko ile ya mabinti. Nimeambiwa wanafungiwa ili wasitoroke kwenda kuangalia mpira.

Mama wa Kidato cha Pili

Dada yangu, umesema kweli tupu. Nimempigia mkuu wa shule sasa hivi, amesema usiku huu kufuli haifungwi na yeye mwenyewe atalala zamu. Kukata komeo na nondo tunahitaji fundi. Jumamosi asubuhi, wazazi wa wavulana na wa wasichana, wote tufike.

Fundi Umeme

Nitumie namba kwa ujumbe wa faragha mkuu. Kama siyo mbali na nilipo, Jumamosi nakuja na grainda na mashine ya kuchomelea. Hakikisheni tu kuna umeme au jenereta.